Kamata Kamata Friday: Kwa Nini Makarao Hupenda Kukushika Ijumaa, na Vile Katiba Inasema

Piga picha hii. Ni Ijumaa, saa kumi jioni. Umetoka wera, mbogi imeshapanga form ya wikendi, wewe unangoja mat tu ufike keja ubadilishe viatu. Wasee wawili bila uniform wanakuita kwa jina lako lote, lile la kitambulisho ambalo hata mathe hakuitangi. Wanasema unahitajika stesheni "dakika tano tu" kuhusu kitu uliposti wiki jana.

Hizo dakika tano zitaisha Jumatatu.

Na usidhani ni bahati mbaya. Ukiuliza loya yeyote anayesimamia kesi za wanaharakati, atakuambia Ijumaa ndiyo siku mbaya zaidi kushikwa hii Kenya. Sababu yake haiko kwa karao peke yake. Iko kwa mstari mmoja wa Katiba, ule ule uliandikwa kukulinda. Wacha tuuchambue polepole, kwa sababu huu ni mstari unafaa kuujua kuliko namba ya loan yako ya simu.

Jina lilitoka wapi?

"Kamata Kamata Friday" si jina la juzi. Lilishika sana kwenye serikali ya Uhuru Kenyatta, wakati wanasiasa wakubwa walikuwa wanabebwa mwisho wa wiki. Miguna Miguna alichukuliwa Ijumaa, 2 Februari 2018. Siku hiyo hiyo Mahakama Kuu ikasema aachiliwe kwa dhamana ya shilingi 50,000. Hakuachiliwa. Usiku wa 6 Februari akajipata kwa ndege ya kumtoa nchini. Mike Sonko, akiwa gavana wa Nairobi, alishikwa Voi Ijumaa, 6 Desemba 2019. Rigathi Gachagua, wakati huo mbunge wa Mathira, alifuatwa kwake Nyeri Ijumaa, 23 Julai 2021, akalala ndani wikendi yote mpaka akafikishwa kortini Jumatatu.

Wakubwa wa Kenya Kwanza walilia sana kuhusu hiyo tabia wakiwa nje ya serikali. Kisha 2022 wakaingia Ikulu. Je, Ijumaa ilibadilika? Endelea kusoma.

Hesabu ya saa 24

Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 ndicho kinaongea kuhusu mtu aliyeshikwa. Kinasema lazima ufikishwe kortini haraka iwezekanavyo, na isipite saa 24. Kila mtu anajua hiyo ya saa 24. Chenye wengi hawajui ni kwamba sentensi haijaishia hapo. Inaendelea: kama hizo saa 24 zinaisha nje ya masaa ya kazi ya korti, ama siku ambayo korti haifanyi kazi, basi polisi wana mpaka mwisho wa siku inayofuata ya korti.

Sasa toa kalkuleta.

Ukishikwa Jumanne saa nne asubuhi, Jumatano saa nne asubuhi lazima uwe umeona hakimu. Hapo karao hana pa kujificha.

Ukishikwa Ijumaa saa kumi jioni, saa 24 zinaisha Jumamosi saa kumi jioni. Korti imefungwa. Jumapili pia imefungwa. Siku inayofuata ya korti ni Jumatatu, na wana mpaka jioni. Saa 24 zimegeuka kuwa zaidi ya 70, na hakuna mtu amevunja sheria kwa karatasi.

Kama Jumatatu ni sikukuu, ongeza siku nzima. Sasa unakaribia saa 100.

Lakini rudi kwa yale maneno ya kwanza: haraka iwezekanavyo. Hayo ndiyo sheria yenyewe. Saa 24 ni mwisho wa barabara, haimaanishi ni haki ya polisi kukukalisha mpaka ya mwisho iishe. Kama umeshikwa Ijumaa asubuhi na korti iko mtaa wa pili, swali la kuuliza ni kwa nini hukupelekwa Ijumaa hiyo hiyo mchana. Hilo swali loya wako anafaa kuuliza mbele ya hakimu, kwa sauti, na liandikwe.

Stori ya Rose Njeri

Kama unataka kuona hii hesabu ikifanya kazi kwa maisha ya mtu, angalia kesi ya Rose Njeri. Ni msanidi programu. Mwaka 2025, Finance Bill ilipokuwa bungeni, alitengeneza ukurasa mmoja rahisi: unaingia, unaona vipengele vyenye shida, unabonyeza, na barua pepe ya pingamizi inaenda bunge. Basi. Maoni ya wananchi, kitu ambacho Kifungu cha 118 cha Katiba kinalazimisha bunge kukubali.

Alishikwa Ijumaa, 30 Mei 2025.

Sasa angalia kalenda vile ilipangika. Jumamosi, korti imefungwa. Jumapili ni 1 Juni, Madaraka. Sikukuu ikiangukia Jumapili, sheria inasongesha mapumziko mpaka Jumatatu. Kwa hivyo korti ya kwanza kufunguka ilikuwa Jumanne, 3 Juni. Usiku nne ndani, sikukuu ya kusherehekea nchi kujitawala ikiwa katikati. Watu walikusanyika nje ya stesheni ya Pangani wakitaka aachiliwe, hawakusikizwa.

Jumanne akashtakiwa kwa kuingilia mfumo wa kompyuta, chini ya sheria ya makosa ya mtandao ya 2018. Akatoka kwa bondi ya shilingi 100,000. Tarehe 20 Juni, hakimu wa Milimani akaitupa kesi. Sababu? Mashtaka hayakuonyesha kosa lolote. Yaani ukisoma karatasi yote kutoka juu mpaka chini, hakuna kosa ndani.

Fikiria hiyo kidogo. Korti ilisema hakuna kosa. Lakini zile siku nne alishazilipa. Hakuna hakimu anaweza kukurudishia Jumamosi.

Adhabu inakuja kabla ya kesi

Hapa ndipo maana ya Ijumaa iko. Kwa kesi nyingi za aina hii, lengo halikai kuwa kushinda kortini. Lengo limeshatimia mlango wa seli ukifungwa.

Hebu hesabu chenye wikendi moja ndani inachukua. Kama unaendesha boda ya loan, hizo ni siku tatu hujalipa na pikipiki inaweza kufuatwa. Kama uko na kibanda cha smokie, mtaji umeoza. Kama ni kibarua cha mkono kwa mjengo, Jumatatu foreman ameshaweka mtu mwingine. Kama uko campo na una mtihani Jumatatu asubuhi, hiyo ni stori ya semesta nzima. Na mathe yako kutoka ocha ameshapiga simu mara thelathini, imezimwa.

Kisha kuna hasara ya pili, ile haionekani. Ni mabeshte zako. Wameona umebebwa kwa sababu ya posti. Wiki inayofuata kila mtu anafuta kitu. Mmoja anabadilisha jina la akaunti, mwingine anatoka kwa grupu ya WhatsApp kimya kimya. Karao amekamata mtu mmoja lakini amenyamazisha watu hamsini, na hakuhitaji hata hukumu moja.

"Lakini polisi si wanahitaji muda wa kuchunguza?"

Swali fiti, na lina jibu. Ndiyo, kuna kesi polisi wanahitaji muda. Mtu akishukiwa kuua, ama kuna genge bado liko nje, huwezi tarajia faili iwe tayari kwa siku moja. Ndiyo maana sheria imewapa njia: wanakuleta kortini ndani ya muda, wanaomba hakimu siku zaidi, wanaeleza kwa nini, na loya wako anajibu. Hakimu ndiye anaamua. Wakati mwingine wanapewa, wakati mwingine wanafukuzwa.

Tofauti ni hiyo. Kwa hiyo njia, kuna mtu wa tatu anayesikiliza pande mbili. Kwa njia ya Ijumaa, karao anajipa siku tatu bila kuuliza mtu.

Na posti haitoroki. Posti iko pale pale kwa intaneti, skrinishoti wanayo, jina lako wanalo, na nambari yako wanayo ndio maana walikupata. Ni uchunguzi gani utaharibika kama utalala kwako na ufike stesheni Jumatatu saa mbili?

Jumamosi OCS anaweza kukuachilia

Hii ndiyo sehemu hawapendi ujue. Watu wanadhani wikendi mlango umefungwa mpaka hakimu aamke Jumatatu. Uongo. Kifungu cha 36 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinampa mkuu wa stesheni nguvu ya kumwachilia mtu aliyeshikwa bila waranti, pale haiwezekani kumfikisha kortini ndani ya saa 24. Anatia sahihi bondi, anaahidi kurudi siku fulani. Wanaonyimwa hiyo ni washukiwa wa makosa mazito kama mauaji, uhaini na wizi wa kimabavu.

Barua pepe si uhaini. Meme pia si wizi wa kimabavu.

Kwa hivyo ukiambiwa "hatuwezi kukuachilia, korti imefungwa," huo ni uamuzi wa mtu. Sheria haijamfunga mikono. Na bondi ya polisi ni bure. Hakuna "ya chai", hakuna "ya fuel", hakuna "ya karatasi". Wakikutaka uweke pesa taslimu kama dhamana, lazima upewe risiti, na hiyo doh ni yako, unarudishiwa kesi ikiisha kama umekuwa ukifika. Pesa bila risiti ni hongo, hata kama umeitoa ukilia.

Kitu kingine: Katiba inasema kama kosa lenyewe adhabu yake ni faini pekee ama kifungo kisichozidi miezi sita, usiwekwe rumande. Muulize loya wako kosa lako linabeba miaka mingapi. Wakati mwingine jibu linamaliza mazungumzo.

Hizi kesi huisha aje?

Ukifuata historia, kesi nyingi za "umetukana mkubwa" zinaangukaga. Na si tu mshtakiwa anaachiliwa, kifungu chenyewe cha sheria kinazikwa.

Tarehe 19 Aprili 2016, Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kile kilikuwa kinashika watu kwa "matumizi mabaya" ya mtambo wa mawasiliano. Jaji alisema maneno yake ni mapana sana hata mtu wa kawaida hawezi kujua kosa liko wapi. Ilikuwa kesi ya Geoffrey Andare, aliyeshikwa kwa posti ya Facebook.

Februari 2017, kifungu cha 194 kuhusu kuharibia mtu jina kama kosa la jinai kikafutwa. Ukiharibiwa jina nenda korti ya madai udai fidia, usimpeleke mtu jela.

Aprili mwaka huo huo, kifungu cha 132 cha kudhoofisha mamlaka ya afisa wa umma kikafuata, kwa kesi ya blogger Robert Alai. Machi 2024, Mahakama Kuu ya Nakuru ikazika kifungu cha 77 kuhusu uchochezi dhidi ya serikali, kitu tulirithi kutoka kwa mkoloni.

Vifungu vinne, na vyote vilikuwa vimeshalaza watu ndani kabla ya kufa. Ndiyo maana kushinda kortini ni poa lakini hakutoshi. Kifungu kimoja kikizikwa, kingine kinatafutwa. Ijumaa inabaki.

Wikendi inaweza kuua

Hapa tuache jokes. Albert Ojwang alikuwa mwalimu na blogger. Alishikwa kwao Homa Bay Jumamosi, 7 Juni 2025, kwa madai ya posti kuhusu afisa mkubwa wa polisi. Badala ya kuachiliwa kwa bondi huko huko, alibebwa mamia ya kilomita, mpaka Central hapa Nairobi. Kufikia Jumapili alikuwa amekufa.

Polisi walisema aligonga kichwa chake kwa ukuta wa seli. Madaktari wa upasuaji wakasema la: majeraha ya kichwa, shingo kubanwa, dalili za kupigwa na kupambana. Inspekta Jenerali akalazimika kurudisha nyuma maneno yake mbele ya Seneti. Watu sita, wakiwemo maafisa wa polisi, wakashtakiwa kwa mauaji.

Hiyo ndiyo maana kamili ya "haraka iwezekanavyo". Hakimu hakuwekwa pale kusoma mashtaka tu. Ni mtu wa nje anayekuona uko hai, anaona kama umevimba uso, anauliza. Kila saa unayokaa bila kuonwa na mtu wa nje ni saa ya hatari. Ojwang hakufika Jumatatu.

Form ukishikwa

Soma hii sasa ukiwa umetulia, kwa sababu ukiwa ndani ya Subaru hutakuwa na muda wa kugoogle.

1. Usipigane, usitoroke. Hiyo inawapa kosa la ukweli la kuandika. Uliza kwa sauti: "Nimeshikwa kwa nini, na napelekwa stesheni gani?" Kuambiwa sababu, kwa lugha unaelewa, ni haki yako. Ukiuliza kwa sauti, mama mboga na wasee wa stage wanasikia pia. Hao ndio mashahidi wako.

2. Funga mdomo kuhusu posti. Una haki ya kunyamaza. Stori ya "eleza tu kidogo halafu uende" imefunga wengi. Jina toa, mengine ngoja loya.

3. Dai simu moja. Katiba inakuruhusu kuwasiliana na loya na mtu mwingine unayehitaji msaada wake. Shika namba mbili kwa kichwa, si kwa simu pekee, kwa sababu simu ndiyo wanachukua kwanza.

4. Simu yako ni kitu kimoja, chenye kiko ndani ni kingine. Kuishika kama kielelezo kunawezekana. Kuifungua na kusoma mambo yako ya ndani kunahitaji ruhusa ya korti, kwa sababu Kifungu cha 31 kinalinda faragha yako. Uliza waranti. Usiwapigie magoti na pini.

5. Uliza namba ya OB. Kila mtu anayeingia stesheni anafaa kuandikwa kwa kitabu cha matukio. Watu wako wakifika wakaambiwa "hatuna huyo mtu", waombe OB, waandike jina la afisa wa zamu na saa.

6. Ombeni bondi ya polisi usiku huo huo, msingoje Jumatatu. Wakikataa, waulize sababu na muiandike.

7. Usitie sahihi kitu hujasoma. Ukiwa umeumizwa, sema kwa loya, na ukifika kortini mwambie hakimu kabla ya kitu kingine chochote.

Kama stesheni zote zinasema hazikujui, hiyo sasa si kukamatwa, ni kutekwa. Tuliona Desemba 2024, vijana walichukuliwa baada ya michoro na posti za kukejeli rais, familia zikizunguka stesheni mpaka Januari walipoanza kuachiliwa. Hapo loya anaenda Mahakama Kuu na ombi la kuamuru polisi wamlete mtu mwenyewe mbele ya jaji. Hii haki iko kwa Kifungu cha 25, orodha fupi ya haki ambazo serikali haiwezi kupunguza hata kidogo. Malalamishi dhidi ya polisi yapeleke IPOA, namba yao ya bure ni 1559.

Na kama umesikia fununu wanakutafuta, usingoje Ijumaa. Loya anaweza kuomba Mahakama Kuu dhamana ya mapema, kabla hujashikwa.

Sasa?

Wengine watasema suluhisho ni rahisi: usiposti ujinga. Sawa. Lakini Rose Njeri hakutukana mtu. Wasichana wa Butere Girls, Aprili 2025, walifika Nakuru na mchezo wa kuigiza ambao korti ilikuwa imeruhusu, na bado vitoa machozi vikarushwa. Ukijinyamazisha, mstari unasongeshwa tu. Leo ni tusi, kesho ni barua pepe, keshokutwa ni drama ya shule.

Chenye kinaweza kubadilika ni kidogo na kinawezekana. Hospitali haifungi Jumamosi. Stesheni haifungi. Hakimu mmoja wa zamu kwa kila kaunti siku za wikendi, hata kwa video, angefanya Ijumaa iwe siku ya kawaida. Na kila OCS anayekataa bondi alazimishwe kuandika sababu na jina lake chini yake. Watu hufikiri mara mbili wakiweka sahihi.

Mpaka hiyo siku ifike, kuwa rada. Posti chenye unaamini, hakikisha ni ukweli, na kabla ya Ijumaa hii tumia dakika tano kukariri namba ya loya mmoja na ya mtu mmoja anayejua kupiga kelele. Kisha mtumie beshte yako hii stori, yule huwa hachaji simu.